Saa Nne Asubuhi na Bob Barker

Bob Barker nilijulishwa na wazee. Nilifika Los Angeles mwaka 1984, mji ukiwa bado umepambwa kwa bendera za Olimpiki, nimemfuata mume wangu aliyepata nafasi ya masomo. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee: kuogesha, kuvisha, kulisha, kuwageuza wasioweza kujigeuza. Vijana wa siku hizi wanaiita kubeba boksi. Zamu yangu ilikuwa ya asubuhi, na ikikaribia saa nne, hata yule aliyegoma kuamka alitaka atolewe chumbani. Tulivipanga viti vya magurudumu sebuleni mbele ya televisheni, tukafungua kituo cha CBS, na nyumba nzima ikachangamka kwa saa moja.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala mstaafu. Mwanawe alipokuja kumtazama Jumapili ilimbidi ajitambulishe upya kila baada ya dakika chache, maana jina lilikuwa limeshamtoka baba yake. Lakini mkebe wa kahawa ukionyeshwa kwenye televisheni, mzee alinyanyua mkono wake unaotetemeka akataja bei, dola na senti, na mara nyingi aliwashinda wale waliokuwa jukwaani. Bibi aliyekaa pembeni yake alimbishia. Wakagombana kweli kweli, kwa ajili ya kahawa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeinunua kwa miaka mingi.

Kipindi chenyewe kiliitwa The Price Is Right, na ndani yake hapakuwa na kitu ila bei. Mtangazaji aliita jina la mtu mmoja kutoka kwa watazamaji waliojaa ukumbini, mtu huyo akaruka, akapiga mayowe, akateremka mbio hadi mbele. Wanne walisimama kwenye mstari, wakaonyeshwa kitu, tuseme friji, kila mmoja akakadiria. Aliyeikaribia bei ya kweli kuliko wenzake bila kuipita ndiye aliyepanda jukwaani kwa Barker, mwendesha kipindi, kucheza mchezo wake. Baadaye walikuja kuzungusha gurudumu kubwa lenye namba kuanzia senti 5 hadi 100, na washindi wawili wa gurudumu wakashindania zawadi kubwa za mwisho: gari, safari ya ng'ambo, samani za nyumba.

Michezo ilikuwa mingi na kila mzee alikuwa na wake. Wetu walipenda zaidi ule wa mpanda mlima, kisanamu cha mtu kinachopanda mteremko huku muziki wa milima ya Ulaya ukipigwa. Mchezaji alikadiria bei za vitu vitatu vidogo vya nyumbani, na kila dola aliyokosea ilikipandisha kisanamu hatua moja. Hatua zilikuwa 25. Zikipita, kisanamu kilitumbukia upande wa pili na sebule yetu nzima ikaguna.

Mimi nilikodoa macho kwa sababu nyingine. Tuliokuwa watu wazima Tanzania miaka ile tunajua: bei tulikuwa nazo, bidhaa hatukuwa nazo. Tume ya Bei ilizipanga, zikatangazwa, zikabandikwa dukani, na sabuni yenye bei halali haikuwepo. Mtu aliweka jiwe kwenye foleni usiku akaenda kulala, alfajiri akarudi kusimama palipo jiwe lake, na ole wako ulisogeze jiwe la mwenzio. Mwaka mmoja kabla ya safari yangu ulikuwepo msako wa wahujumu uchumi, na kuna waliotupa mali usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Televisheni Bara hatukuwa nayo. Zanzibar walishaanza miaka ya 1970, sisi tulingoja hadi 1994. Halafu mtu utoke huko, uketishwe mbele ya ukumbi wa watu wazima wanaotokwa machozi kwa sababu wamekisia bei ya mashine ya kufulia! Bidhaa zimejaa pomoni, kilichofichwa ni bei tu. Wiki za mwanzo nilidhani ni kichaa. Wenzangu kazini walicheka kuona ninavyoandika bei za vitu kwenye kidaftari, lakini kidaftari kile kilinisaidia. Nilijua dawa ya meno inauzwaje kabla sijaingia dukani.

Kadiri nilivyozidi kutazama nilianza kumwona mama yangu mle ndani. Mama alisoma chuo cha Kurani na madarasa machache ya shule, basi, lakini akiingia soko la Mgandini pale Tanga hakuna aliyemdanganya. Akimtazama changu juu ya meza alijua amevuliwa usiku huu au amelala kwenye barafu, na bei aliitaja yeye kabla muuzaji hajafungua mdomo. Elimu hiyo haitolewi cheti. Baba, aliyekuwa karani na mtu wa kuheshimiwa, ukimtuma nazi angerudi na koroma, tena kwa bei ya kurushwa. Sasa huku Marekani naona kipindi kinachotazamwa nchi nzima ambamo msomi mwenye tai anaulizwa bei ya sabuni ya vyombo, anababaika, anageuka kumtafuta mkewe kwenye viti, na mkewe anamwonyesha kwa vidole. Akina mama wa nyumbani, wafanyakazi wa mashine, bibi wanaolea wajukuu, hao ndio waliokuwa mabingwa. Na mwanamume mwembamba mwenye suti safi na maikrofoni ndefu alisimama kando yao akiwasikiliza.

Kusikiliza ndiko kulikokuwa kipaji chake. Barker hakuwa mchekeshaji wa kuandaa vichekesho. Aliuliza swali fupi akanyamaza, akamwacha mtu ajiangushe mwenyewe kwenye kichekesho, kisha akageuza uso kidogo kwa kamera. MC wa harusi zetu angekuwa ameshatia maneno yake kumi na jina lake mara mbili. Wanawake wanene walimbeba juu, wazee walimkumbatia mpaka tai ikaenda kombo, na yeye alijifanya mtu aliyeogopa, akajipapasa suti, akarudi kwenye mchezo bila kupoteza dakika. Huku wakicheka, mchezaji hakuonekana mjinga. Nimeona waendesha vipindi wengi baada yake, wa huko na wa kwetu, na wengi wao hawawezi kumwacha mgeni amalize sentensi.

Maisha yake niliyafahamu kwa vipande, mengi kupitia magazeti ya udaku yaliyoachwa na ndugu wa wagonjwa na mengine baadaye sana. Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1923, Darrington, jimbo la Washington. Baba yake alifanya kazi ya nguzo za umeme, akaanguka, na madhara ya ajali ile yakamuua wakati Bob angali mtoto mdogo. Mama yake, Matilda, aliyeitwa Tillie, alikuwa mwalimu, akampeleka Mission, South Dakota, ndani ya eneo la Wahindi Wekundu la Rosebud. Upande wa baba alikuwa na damu ya Wasioux, na jina lake liliandikwa kwenye orodha ya raia wa kabila hilo. Kwa hiyo yule bwana niliyemchukulia kuwa Mzungu wa Wazungu alikulia mahali ambapo watu wake walikuwa wametengewa ardhi na serikali, nyumba ya walimu ndiyo nyumba yake. Tillie aliolewa tena, wakahamia Springfield, Missouri.

Huko Springfield alikutana na Dorothy Jo Gideon, wote wawili wakiwa wanafunzi wa sekondari. Alipata ufadhili wa kucheza mpira wa kikapu katika Chuo cha Drury, vita vikamkatiza, akajifunza urubani wa ndege za kivita za jeshi la majini. Vita viliisha kabla hajapangiwa kikosi cha baharini. Alimwoa Dorothy Jo Januari 1945, akarudi chuoni, akamaliza uchumi mwaka 1947 kwa daraja la juu kabisa. Uchumi! Miaka thelathini na mitano akawa anauliza watu bei ya majani ya chai.

Alianza redioni Springfield, akapita Florida, na mwaka 1950 wakahamia California. Dorothy Jo alifanya kazi naye kwenye vipindi vyake vya redio, na mwenyewe Barker alisema mara nyingi kwamba mkewe ndiye aliyemwambia kazi yake ni kuzungumza na watu wa kawaida. Ralph Edwards, mwenye kipindi cha Truth or Consequences, alimsikia redioni akiwa ndani ya gari, akampenda. Tarehe 31 Desemba 1956 Barker alionekana kwa mara ya kwanza kwenye kipindi kile, akakaa nacho hadi katikati ya miaka ya 1970. Kilikuwa kipindi maarufu kiasi kwamba mji mmoja wa New Mexico ulikuwa umeshabadili jina lake mwaka 1950 ukajiita hivyo hivyo, na hadi leo unaitwa hivyo. Wamarekani wana mambo. Tarehe 4 Septemba 1972 ndipo The Price Is Right ilipofufuliwa CBS chini yake, baada ya ile ya kwanza ya Bill Cullen iliyokwisha mwaka 1965. Novemba 1975 kikarefushwa kutoka nusu saa kuwa saa nzima, na ndicho wazee wangu walichokikuta.

Oktoba 1985 alikufa Johnny Olson, mtangazaji ambaye sauti yake ndiyo iliyowaita watu wateremke. Sebuleni kwetu walijua siku ile ile sauti mpya iliposikika. Watu ambao hawakukumbuka wamekula nini asubuhi walisema huyu siye. Miezi ilipita watangazaji mbalimbali wakijaribiwa, hadi mwaka 1986 alipothibitishwa Rod Roddy, mtu wa makoti ya kumetameta, naye akakaa mpaka karibu na kifo chake mwaka 2003.

Mwaka huo wa Roddy kuingia ndio niliokwenda studio. Nilikuwa na mwenzangu kazini, mama wa Louisiana aliyenizidi umri, nikimwita dada, naye akaniita mtoto ingawa nilikuwa na watoto wangu wawili. Tiketi zilikuwa za bure. Aliandika barua akazipata. Television City ipo kwenye kona ya Fairfax Avenue na Beverly Boulevard, jengo jeupe pana lililo jirani na soko liitwalo Farmers Market, ambalo kwa mtu wa Mgandini lilikuwa soko la maonyesho tu. Tulifika alfajiri tukakuta watu wameshatangulia. Foleni ilinirudisha kwetu, ila hapa watu waliimba. Kundi la wanafunzi walivaa fulana zilizoandikwa jina la Barker, wanajeshi walikuja na sare zao, na akina bibi walikuja wakiwa na vyakula vyao kwenye vikapu.

Tulipewa vibandiko vya njano vilivyokatwa kama lebo ya bei, tukaandikiwa majina kwa kalamu nene. Kisha ukaja usaili, kitu ambacho mtazamaji wa nyumbani hakukiona. Mtu wa kipindi alipita kwenye mstari na msaidizi wake, akamsalimu kila mmoja, akauliza anatoka wapi na anafanya kazi gani, sekunde chache tu kwa mtu. Hapo ndipo washindani walipochaguliwa. Hapakuwa na bahati nasibu. Dada alicheza hata ngoma. Mimi nilipoulizwa nikasema natoka Tanga, bwana yule akatabasamu kwa adabu na kusogea mbele.

Ukumbi ulinishangaza kwa udogo wake. Kwenye televisheni Studio 33 ilionekana uwanja. Ukiwa ndani, viti ni mia tatu na kitu, milango mikubwa ya jukwaani ni mbao zilizopakwa rangi za kuchangamka, na baridi ya viyoyozi inakula mifupa. Walirekodi mfululizo, bila kusimamisha ovyo. Matangazo ya biashara yaliachiwa muda wake, na katika vipande hivyo vya muda mafundi walikimbia kusukuma magari na mafriji huku Barker akisogea ukingoni mwa jukwaa kuongea nasi. Nilidhani angekwenda nyuma kunywa maji. Alisimama pale, akapokea maswali, akayajibu, watu wakacheka, mtu wa kamera akaonyesha vidole vinavyopungua, na kwenye kidole cha mwisho Barker akawa ameshageuka na kuanza kipindi kwa sauti ile ile. Hakusoma popote.

Siku hiyo walicheza Plinko, mchezo ulioanza mwaka 1983. Bibi mmoja wa Texas mwenye nyonga mbovu alipewa kisahani kimoja cha kuanzia, akajipatia vingine kwa kukisia bei za vitu vidogo. Ilimbidi apande ngazi hadi juu ya ubao mkubwa wenye vigingi na kuachia visahani kimoja kimoja, vikaruka huku na huku hadi chini kwenye matundu yenye fedha. Katikati kabisa palikuwa na dola 5,000, na pande zake zote mbili sufuri. Barker alimshika mkono kwenye ngazi, taratibu, akamwachia alipokuwa ameshika kingo. Kisahani cha mwisho kilielekea katikati, kikagonga kigingi, kikaingia sufuri. Sisi tuliguna, dada akasema neno lisiloandikika. Bibi mwenyewe alicheka, na Barker akangoja acheke mpaka amalize.

Dada hakuitwa. Alinuna kwenye basi hadi tulipopita mitaa miwili, kisha akaanza kunihesabia kodi ambayo washindi wangelipa, maana serikali ya Marekani huhesabu zawadi kama mapato. Ukishinda mashua, hata kama huna pa kuifunga, kodi yake inakungoja. Kwa hesabu zake, aliokoka.

Mwaka 1987 Barker aliacha kupaka nywele rangi. Mapumziko yaliisha, tukafungua televisheni, na mtu tuliyemjua kwa nywele nyeusi akatokea na kichwa cheupe kama cha watazamaji wake. Bibi mmoja wetu alipiga makofi. Mwaka ule ule aligombana na waandaaji wa Miss USA na Miss Universe, mashindano aliyoyaongoza tangu 1967, akitaka makoti ya manyoya yaondolewe. Yalibaki kwenye zawadi, akajitoa. Watu walishangaa mtu kuacha malipo makubwa hivyo kwa sababu ya ngozi za wanyama.

Jambo la wanyama alilirithi kwa Dorothy Jo. Mama huyo alikuwa ameacha kuvaa manyoya kabla halijawa suala la watu, na alifariki Oktoba 1981 kwa saratani ya mapafu. Barker hakuoa tena. Mwaka uliofuata alianza kufunga kila kipindi kwa kuwakumbusha watazamaji wahasi mbwa na paka wao ili wasizaliane ovyo, na akaendelea hivyo kila siku ya kazi hadi alipostaafu. Niliwaandikia nyumbani kuhusu jambo hilo. Kaka yangu alijibu akiuliza kama nimeanza kunywa pombe. Kwetu mbwa ni wa kulinda shamba, akiwa koko anajitegemea, na kizazi chake hakimhusu mtu. Mwaka 1994 Barker alianzisha mfuko wa kugharimia upasuaji huo kwa wasio na uwezo akauita DJ&T: Dorothy Jo na Tillie, mke na mama.

Nikifika hapa huwa nasita, na sitaki kupita kama sikuona. Jukwaa lile lililowapa sauti akina mama wa sokoni lilikuwa na wanawake wengine wasiokuwa na sauti kabisa: warembo waliosimama kando ya friji na kupitisha mkono juu yake. Hawakuwa na maikrofoni. Kisanamu kile cha mpanda mlima kina hadithi yake. Janice Pennington, mmoja wa warembo wa mwanzo, mume wake alikuwa mpanda milima, Fritz Stammberger, aliyepotea mwaka 1975 huko Pakistan. Siku moja Dennis James, aliyeongoza toleo la jioni la kipindi hicho, alikitania kisanamu kilipotumbukia akakiita Fritz, pasipo kujua. Pennington alikuwa pale pale jukwaani. Wazee wangu walivyokuwa wakicheka kisanamu kikianguka, mimi sikulijua hilo, wala wao.

Mwaka 1994 Dian Parkinson, aliyefanya kazi kipindini tangu miaka ya 1970, alifungua kesi akidai Barker alimnyanyasa kingono. Barker alikanusha, akasema walikuwa na uhusiano wa hiari. Parkinson aliifuta kesi mwaka 1995. Holly Hallstrom, mrembo mwenzake, aliondoka mwaka huo huo. Alidai aliondolewa kwa sababu ya kunenepa na kwa kukataa kusema dhidi ya Parkinson. Barker alimshtaki, kisha akaiondoa kesi. Hallstrom naye akashtaki, na mambo yakamalizwa kwa mapatano mwaka 2005. Barker hakuwa mfanyakazi tu wakati huo, alikuwa mzalishaji mkuu tangu mwaka 1988, bosi kamili. Dada wa Louisiana, tulipoongea kwa simu, hakutaka kusikia lolote baya juu yake. Mimi nilikuwa nimeshaishi vya kutosha kujua kwamba mtu anaweza kumshika bibi mkono kwa upole kwenye ngazi na bado chumba cha pili pakawa na mtu anayemwogopa. Nani alikuwa mkweli mahakama haikuamua, na sitaamua mimi.

Vijana walimjua kwa njia nyingine. Mwaka 1996 alionekana kwenye filamu ya Happy Gilmore akimtwanga Adam Sandler ngumi kwenye uwanja wa gofu, mzee wa miaka zaidi ya sabini, na ghafla watoto wa shule wakawa wanajua jina lake. Studio 33 ikapewa jina lake mwaka 1998. Alirekodi kipindi cha mwisho tarehe 6 Juni 2007, kikarushwa tarehe 15, miaka 35 kwenye kiti kile kile na miaka 50 kwenye televisheni. Drew Carey akashika usukani. Wakati huo nilikuwa nimesharudi Tanga. Binti yangu aliyebaki California alinirekodia mkanda, ukaja na mgeni, na majirani waliokuja kuutazama walitaka kujua kwanza gari lile linauzwa kwa shilingi ngapi.

Barker alifariki tarehe 26 Agosti 2023 nyumbani kwake Hollywood, akiwa na miaka 99, amebakiza miezi isiyofika minne kutimiza mia. Magazeti ya huko yalikumbuka bei na gurudumu. Mimi nilikuwa nimemfuatilia zaidi kwenye mambo aliyoyafanya baada ya kustaafu, maana fedha zake zilianza kuja upande wetu wa dunia. Alilipa dola milioni 5 kwa shirika la Sea Shepherd, wakanunua meli wakaipa jina lake. Meli ile ndiyo iliyoiandama Thunder, meli ya uvuvi haramu, kutoka maji ya kusini karibu na Antaktika kwa siku 110, mpaka Thunder ilipozama Aprili 2015 karibu na São Tomé. Hebu fikirieni maharamia wa samaki wanatazama nyuma kila asubuhi wanaona jina la mwendesha kipindi cha bei.

Halafu tembo. Bustani ya wanyama ya Toronto ilikuwa na tembo watatu wa Afrika, wote majike: Iringa, Toka na Thika. Nani aliwapa majina hayo sijui, ila sikio la Mswahili haliwezi kuyapita. Iringa na Toka walikamatwa Msumbiji wakiwa wadogo. Thika alizaliwa pale pale bustanini. Baridi ya Kanada haiwafai tembo, wenzao kadhaa walishakufa, na mwaka 2011 madiwani wa jiji walipiga kura wapelekwe hifadhi ya PAWS huko California. Barker alifika mwenyewe Toronto kuwatetea, akagharimia safari yao. Oktoba 2013 walipakiwa kwenye malori wakavuka bara.

Mpwa wangu aliishi Toronto miaka hiyo na watoto wake walikuwa wakienda kuwatazama tembo hao. Alikuwa upande wa watunzaji wa bustani, ambao walipinga uhamisho, wakisema madiwani wameamua mambo ya madaktari wa mifugo na kwamba kule California kuna hofu ya kifua kikuu. Mtu wa televisheni, alisema, anakuja na hela zake anabeba wanyama wa watu. Nilimwambia wanyama wale hawakuwa wa watu wa Toronto kuanzia mwanzo. Tuliendelea hivyo kwenye grupu la familia hadi wengine wakaomba tuhamie pembeni. Iringa alipokufa mwaka 2015, akiwa na miaka 46, mpwa alinitumia habari hiyo bila salamu. Nikamjibu kwamba miguu iliyosimama kwenye sakafu na baridi kwa karibu miongo minne haiwezi kupona kwa miaka miwili ya nyasi, na aliyelipa nauli asilaumiwe. Hajakubali, na kila akija likizo Tanga tunaanza tena.